Kioo Kipya cha Ordinatere: Mbele ya Kununua, Jiulize Kile cha Zamani Kitaenda Wapi

Ndugu mufanyakazi, na wewe mama unayesoma gazeti hili kisha baba kuliacha juu ya meza: leo sitasema juu ya kofia ya kazi wala viatu vya usalama. Nitasema juu ya chombo ambacho kiko katika biro nyingi na katika nyumba nyingi za kambi: kioo cha ordinatere. Usiseme, «Mimi ni mutu wa kariere, hayo ni mambo ya makarani.» Soma kwanza, kisha utaona kama jambo hili halikuhusu.

Mangaribi moja waliniletea mutoto wa miaka 9 kwenye dispensere. Mukono wake wa kuume ulifungwa na kitambaa chenye kujaa damu. Nilipokifungua niliona kidonda kirefu, chenye kunyooka, kama cha wembe. Mutoto anayeanguka juu ya mawe hapati kidonda cha namna hiyo. Tulisafisha, tulishona nyuzi 6, tulimupiga sindano ya tetanosi. Wakati nilikuwa ninashona nilimuuliza mama yake:

– Mama, alijikata na nini?

– Na televizyo, Muganga.

Mutoto mwenyewe akasema pole pole:

– Si televizyo. Ni ordinatere ya jirani. Tulikuwa tunatafuta shaba.

Kutafuta shaba! Baba zake wanaichimba kwa makamyo makubwa, na yeye anaichimba kwa nyundo nyuma ya nyumba. Lakini sikucheka. Niliuliza jirani huyo ni nani, na waliponiambia, nilinyamaza. Kwa sababu habari ya mukono huu ilianza miezi 3 mbele, ndani ya chumba changu cha kazi, na mimi mwenyewe nilikuwa na sehemu yangu katika kosa. Kwa hiyo ninaandika.

MAMA ALIYEUMWA KICHWA

Jirani yule ni mama mwenye biro ndogo ya kuandika barua na kufanya fotokopi, karibu na barabara. Bwana yake anaendesha kamyo katika kariere. Alikuja kwangu na kusema:

– Muganga, mwanangu, ordinatere inaniua macho. Kila siku muchana kichwa kinauma hapa mbele, na herufi zinaanza kucheza. Baba alipata prime. Anataka kuninunulia kile kioo chembamba, ekra plati. Lakini feza hiyo tuliiweka kwa ajili ya masomo ya watoto. Tununue ao tusinunue?

Ni swali la watu wengi. Labda hata wewe unajiuliza. Katika maduka ya inchi za Ulaya vioo vya zamani, vile vyenye mugongo murefu, haviuzwe tena tangu miaka mingi. Lakini chombo ambacho kimezeeka huko kinaendelea kufanya kazi huku kwetu. Kama kingali kinawaka, mutu anajiuliza: kwa nini nitupe feza?

Sikumujibu mama huyo mara moja. Nilimupa sanduku dogo la dawa na kumuambia:

– Mama, soma maneno haya madogo.

Alinyoosha mukono wote, akarudisha kichwa nyuma, akakunja uso.

– Mama, uko na miaka ngapi?

– Miaka 46.

Hapo nilijua kwamba mwizi wa kwanza si kioo. Kuanzia miaka 40 na kitu, sehemu ya ndani ya jicho ambayo inajikunja ili tuone vitu vya karibu inaanza kuwa ngumu. Si ugonjwa, na si ordinatere iliyoileta. Hata mama ambaye hajagusa ordinatere hata siku moja, atafika wakati ambapo hataweza tena kuingiza uzi katika sindano. Mutu wa namna hiyo anaomba miwani ya kusomea. Ukimununulia kioo kipya bila miwani, utamupa herufi nzuri ambazo hataziona.

Siku ya pili nilipita kwenye biro yake. Niliona mambo mengine matatu. Kioo kilitazama mulango, na jua lote la muchana lilikuwa linaangaza ndani yake. Kiliwekwa juu ya ordinatere yenyewe, na chini yake tena kulikuwa kitabu kinene, kwa hiyo mama aliinua kidevu muchana kutwa kama mutu anayetazama ndege. Tena, picha ilikuwa inatetemeka.

KWA NINI KINATETEMEKA?

Kioo cha zamani kinafuata mupango ambao mwanasayansi Mujerumani Karl Ferdinand Braun alitengeneza mwaka 1897. Ni chupa kubwa ya kioo ambayo hewa yote imetolewa ndani. Nyuma, katika shingo ya chupa, muko kitu chenye kupata moto sana ambacho kinatupa vipande vidogo sana vya umeme. Kamba za shaba zilizozungushwa kwenye shingo hiyo zinavivuta huku na huku, na vinapita mustari kwa mustari, kutoka juu mupaka chini, kama mutu anayelima shamba tuta kwa tuta. Mbele, ndani ya kioo, walipaka unga ambao unawaka wakati unapigwa. Unga huo unazimika mara moja. Kwa hiyo lazima kazi irudiliwe mara 60, ao 75, ao 85 kwa kila sekunde.

Mara 60 kwa sekunde si nyingi kwa jicho. Akili inasema, «Ninaona picha moja tu,» lakini kwa watu wengi macho yanasikia kutetemeka, zaidi sana kwenye ukurasa mweupe. Kisha saa chache, kichwa kinauma. Ukiwa na kioo cha namna hiyo, omba mutu anayejua ordinatere apandishe hesabu hiyo ifike 85 kama kioo kinaweza. Kazi hiyo ni ya dakika mbili, na haiombi hata franka moja.

Kioo chembamba kinafanya kazi namna ingine. Nyuma muko taa. Mbele ya taa muko milango midogo sana, mamia ya maelfu ao zaidi, inayofunguka na kufungika ili kuacha mwangaza upite. Mulango ukifunguka, unabaki wazi mupaka upate amri ingine. Hakuna kulima tuta kwa tuta. Kwa hiyo picha inatulia, na mistari ya herufi iko wazi zaidi.

Sasa tufike kwenye mambo matatu ambayo unapaswa kujiuliza mbele ya kubadilisha.

1. MACHO YANAPATA FAIDA GANI?

Kama unafanya kazi mbele ya ordinatere saa 4 ao zaidi kila siku, na kioo chako kinatetemeka hata kisha kupandishwa, ao herufi zimekuwa kama zenye ukungu, kioo chembamba kitakusaidia kweli. Kama mutoto wako anakitumia nusu saa mangaribi ili kuandika kazi ya masomo, na picha inatulia, haraka iko wapi?

Ndugu zetu wanaofanya kazi karibu na elektrolize wako na sababu ingine. Kule umeme wa maelfu ya ampere unapita, na unaleta nguvu ya sumaku. Nguvu hiyo inapotosha njia ya vile vipande vidogo vya umeme ndani ya kioo cha zamani. Picha inainama, rangi nyekundu inageuka kijani. Ukiona hivyo, usizanie kwamba macho yako yameharibika. Kioo chembamba hakisumbuliwe na sumaku hiyo.

Lakini sikia vizuri: kioo kipya hakiponyeshe mazoea ya zamani. Mutu anayetazama kioo bila kupumuzika anasahau kufunga na kufungua kope zake. Jicho linakauka, linakuwa jekundu, linawasha, hata kama kioo ni kizuri namna gani. Kwa hiyo, fuata sheria hizi kwa kioo cha zamani na kwa kioo kipya:

– Kaa mbali na kioo, karibu urefu wa mukono wako, ni kusema sentimetre 50 mupaka 70.

– Ukingo wa juu wa kioo usipite macho yako. Macho yatazame chini kidogo, shingo ipumuzike.

– Dirisha liwe pembeni yako, lisiwe mbele wala nyuma yako.

– Kila dakika 20, inua macho na utazame kitu cha mbali, metre 6 ao zaidi, wakati wa sekunde 20. Funga na fungua kope mara nyingi.

– Ukiwa umepita miaka 40 na unanyoosha mukono ili kusoma, pima macho kwanza.

Kuko watu wanaoniuliza: «Muganga, kioo cha zamani hakitoe miale kama ile mashini ya hospitali ya kupiga picha ya mifupa?» Ni kweli kwamba ndani ya chupa ile miale kidogo inazaliwa. Lakini watengenezaji walitia risasi ndani ya kioo chenyewe, ile metali muzito ambayo iko katika batri za motokari, na risasi hiyo inazuia miale isitoke. Mama mwenye mimba anayefanya kazi mbele ya kioo kizima asiogope kwamba kioo kitaharibu mimba. Wanasayansi walichunguza jambo hilo, na hawakuona hatari hiyo.

Lakini shika neno hilo «risasi» katika kichwa. Tutalikuta tena.

2. FEZA NA UMEME VINASEMA NINI?

Kioo cha zamani cha inchi 17 kinakula karibu wati 80. Kioo chembamba cha sasa cha ukubwa kama huo kinakula karibu wati 25. Tuhesabu pamoja. Tofauti ni wati 55. Kama unafanya kazi saa 8 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ni zaidi ya kilowati-saa 11 kila mwezi. Kwa mutu anayelipa umeme ni feza kidogo. Kwa mutu anayewasha mashini ya mafuta wakati umeme umekatika, ni jambo kubwa zaidi.

Wengine wako na batri na kile chombo cha kugeuza umeme wake. Batri ya volti 12 na ampere-saa 100 iko na wati-saa 1.200, lakini ukitaka ikae miaka usiitumie kupita nusu, ni kusema 600. Ordinatere yenyewe ikikula wati 70, pamoja na kioo cha zamani ni wati 150: utafanya kazi karibu saa 4. Pamoja na kioo chembamba ni wati 95: utafanya kazi karibu saa 6. Kwa yule mama wa biro ya kuandika, saa mbili zaidi wakati hakuna umeme ni wateja ambao hawaendi kwa mwingine.

Angalia vilevile uzito. Kioo cha zamani cha inchi 17 kiko na kilo 15 mupaka 20, na uzito wote uko mbele. Mutu anakibeba mikono ikiwa mbali na mwili, mugongo umeinama. Katika dispensere tunaona migongo inayoumia kwa muzigo wa namna hiyo kama kwa mufuko wa simenti. Kioo chembamba kiko na kilo 4 ao 5 tu. Kwa meza ndogo, nyumba yenye watoto wanaovuta waya, jambo hilo ni la maana.

Kama unaamua kununua, na kama unanunua kile kilichotumiwa na wengine, usilipe mbele ya kukiona kinawaka. Fungua ukurasa mweupe wote, kisha ukurasa mweusi wote. Tafuta alama ambazo hazibadilike na mistari inayopita kutoka juu mupaka chini. Kiache kiwake dakika 15. Soma nyuma: kama kimeandikwa 100-240 V, umeme wetu wa volti 220 hautakiunguza, kama kimeandikwa 110 ao 120 tu, kitaungua siku ya kwanza. Usidanganyike na inchi: kwa kioo cha zamani wanapima chupa yote, hata sehemu yenye kufichwa. Kile cha inchi 17 kinaonyesha karibu 16 tu. Kwa kioo chembamba, inchi zote zinaonekana. Tena, kila kioo chembamba kiko na kipimo chake cha picha. Ukitia kipimo kingine, herufi zinakuwa na ukungu, na utasema kimeharibika wakati ni kizima.

Nilimuambia mama yule mambo hayo yote. Akapima macho kwanza, akanunua miwani. Akageuza meza, akatoa kitabu kinene, akashusha kioo. Kichwa kikapunguza kuuma sana, bila kugusa feza ya watoto. Kisha miezi miwili, kwa feza ya kazi yake mwenyewe, akanunua kioo chembamba kilichokwisha kutumiwa. Akanishukuru. Nilifurahi. Nilizania kazi imekwisha.

3. KILE CHA ZAMANI KITAENDA WAPI?

Sikumuuliza swali hilo. Hakuna mutu aliyemuuliza. Kioo cha zamani walikitoa inje, wakakiweka nyuma ya jiko, chini ya muti wa embe. Mvula ikanyesha juu yake. Watoto wa jirani wakapita. Mukubwa wao alikuwa amesikia kwamba ndani muko shaba, na shaba inauzwa kwa kilo.

Hakudanganya. Zile kamba zilizozungushwa kwenye shingo ya chupa ni shaba safi, labda shaba iliyotoka katika udongo huu wetu. Wakapiga na nyundo. Chupa isiyo na hewa ndani, ukiivunja kwa gafula, hewa ya inje inaingia kwa nguvu, na vipande vinaruka. Kipande kimoja kilipita juu ya mukono wa yule mutoto. Kingepita sentimetre 40 juu zaidi, singeshona nyuzi 6. Ningemutuma kwenye hospitali kubwa juu ya jicho, na labda angerudi na moja.

Mangaribi ile, kisha kazi, nilienda kuona fasi ile. Vipande vilikuwa katika udongo, karibu na fasi ambapo mama wanapepeta unga. Watoto wengine wawili walikuwa wamewasha moto mudogo, wanachoma waya ili mupira utoke na shaba ibaki. Moshi mweusi ulikuwa unaingia katika jiko.

Sasa tukumbuke neno «risasi». Katika kioo kimoja cha zamani cha ordinatere, risasi inaweza kufika kilo moja mupaka mbili. Wakati kioo ni kizima, risasi hiyo inakulinda. Wakati kimevunjwa, kimesagwa, kimeachwa katika udongo miaka na miaka, risasi inaanza kuwa adui. Sitaki kukutisha bure: mutoto anayegusa kipande siku moja hatakufa na risasi, kwa sababu imeshikwa ndani ya kioo. Hatari inakua wakati vipande vinasagwa kuwa vumbi, wakati vinayeyushwa, wakati watoto wanacheza hapo kila siku na kutia vidole katika kinywa. Ule unga wa mbele unaowaka, nao si wa kupumua wala kugusa: katika vioo vingine muko metali zenye sumu kama kadmiumu.

Risasi ikiingia katika mwili wa mutoto haipige kelele. Hakuna homa, hakuna kuhara. Mutoto anapungukiwa damu, anaumwa tumbo mara kwa mara, na akili yake inarudi nyuma katika masomo. Wazazi wanasema ni muvivu. Shirika la Afya la Ulimwengu linasema kwamba hakuna kipimo cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa bila hatari. Hatuhitaji kwenda mbali ili kuona. Ng'ambo ya mupaka, kule Zambia, katika muji wa Kabwe, walichimba risasi wakati wa miaka mingi. Mine ilifungwa mwaka 1994. Watoto waliozaliwa kisha mine kufungwa wangali wanakutwa na risasi nyingi katika damu, kwa sababu iko katika udongo ambamo wanacheza. Kiwanja chako si Kabwe. Lakini kwa nini uanze Kabwe ndogo nyuma ya jiko lako?

FANYA HIVI

– Kama kioo cha zamani kingali kinawaka, mupe mutu anayekihitaji. Mwanafunzi anayejifunza kuandika atafurahi. Mufundishe pia mambo ya ukurasa huu.

– Kama kimekufa, ulizia fundi kama anakitaka kizima kwa kutumia sehemu zake.

– Kama hakuna anayekitaka, kiweke kizima, uso ukitazama ukuta, kimefunikwa, fasi yenye paa, mbali na watoto na mbali na kisima. Kioo kizima kilichopumuzika hakina ubaya.

– Kama ni cha biro ya kampuni, hakitoke kwa mulango wa nyuma. Kirudi kwenye depo, na kiandikwe. Kama hujui fasi gani, uliza delege wa usalama wa kundi lenu. Ni kazi yake kukujibu.

– Usikivunje. Usikichome. Usichome waya zake. Usikizike katika shamba.

– Usifungue sanduku lake, hata kama waya imetolewa katika ukuta. Ndani, kioo hiki kinafanya kazi na volti karibu 25.000, na chupa inaweza kubakia na umeme kisha kuzimishwa. Muachie fundi anayejua namna ya kuutoa.

– Televizyo ya zamani yenye mugongo murefu ni ndugu yake. Fuata sheria ileile.

– Kioo chembamba kitakufa pia siku moja. Vile vilivyotengenezwa zamani kidogo viko na taa nyembamba zenye zebaki. Vile vya taa za LED havina. Usivivunje navyo.

Na kama kimekwisha kuvunjika? Ondosha watoto. Vaa glavu na viatu. Usifagie kukiwa kukavu, kwa sababu vumbi litapanda: nyunyizia maji kwanza. Okota vipande vikubwa, kisha ondosha udongo wa juu pamoja na vipande vidogo. Tia vyote katika ndoo ya chuma yenye kifuniko na kuifunga. Nawa mikono na uso mbele ya kula, na fua nguo zile peke yake. Ndivyo tulifanya mangaribi ile, baba wa kamyo, mama wa biro, na mimi. Tulimaliza usiku, kwa mwangaza wa taa.

Baba alikuwa ananyamaza. Mwishoni alisema: «Tulihesabu feza ya kununua mara kumi. Hatukuhesabu ya kutupa hata mara moja.» Nilimujibu kwamba hata mimi sikuhesabu, na mimi ni mutu wa afya.

BASI, TUNUNUE AO TUSINUNUE?

BADILISHA kama macho yanafanya kazi mbele ya kioo saa nyingi kila siku na picha haitulie. Kama unakaa na batri ao mashini ya mafuta. Kama kioo kinatoa harufu ya kuungua ao sauti kama ya mafuta yanayokaangwa – hapo ukizime leo, usingoje mwisho wa mwezi.

KAA NACHO kama picha inatulia, kama unakitumia kidogo, kama feza ni ya masomo ao ya chakula. Kioo cha zamani si haya. Haya ni kununua kwa sababu jirani amenunua.

NA USILETE KIPYA NYUMBANI mbele ya kujua kile cha zamani kitalala wapi.

Yule mutoto alirudi kwangu kisha siku 10. Nilitoa nyuzi, alama imebaki kama mustari mweupe kwenye mukono. Alinionyesha namna anaweza kukunja vidole vyote, kisha akauliza:

– Muganga, ile shaba iko wapi?

Nilimuambia shaba ya kweli inatolewa na watu wakubwa wenye kuvaa kofia, miwani ya usalama na glavu, na hata wao wakati mwingine wanaumia. Angoje. Kwanza masomo.

Ndugu musomaji, mangaribi ya leo, kisha kula, zunguka nyumba yako. Tazama nyuma ya jiko na chini ya muti. Kama kuko kioo chenye mugongo murefu kinachongoja nyundo ya mutoto, kiondoshe mbele ya jua la kesho. Mimi ninapenda kushona kidogo.

Musaidizi wa muganga, dispensere ya kampuni